Barafu ya Kijivu

Barafu ilipasuka Ulaayuk akiwa amepiga magoti juu ya sili aliyemuua, kisu kimezama tumboni mwa mnyama huyo wa baharini. Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Alipogeuka aliona ufa mweusi ukitanuka kati yao na nchi kavu, na shemeji yake Paniluk akiikimbiza pikipiki ya theluji ili auruke.

"Paniluk, acha! Ruka!"

Hakuacha. Pikipiki iligonga ukingo wa ng'ambo, ikarudi kinyumenyume, ikazama na jiko, chakula na redio. Paniluk alijirusha nyuma dakika ya mwisho. Ncha ya barafu ikampasua paja. Ulaayuk alimkamata kwa kofia ya koti, akamburura hadi juu, damu ikichora mstari nyuma yao.

Upepo wa bara uliwasukuma baharini. Mawimbi yalikuja moja baada ya jingine, yakiinua bamba la barafu walilobaki juu yake na kulibwaga. Mabamba mengine yaliligonga kwa kishindo, kingo zikimeguka, na kila zilipomeguka wao walirudi nyuma wakimkokota sili. Ulaayuk alilifunga paja la Paniluk kwa ukanda wa ngozi.

"Umekaza sana!"

"Shukuru nimekaza paja, sijakaza shingo."

Paniluk hakucheka. Tangu kaka yake Qattu, mume wa Ulaayuk, azame kwenye mlango wa mto, alikuwa hamwiti kwa jina. Mama mkwe ndiye aliyewalazimisha kuwinda pamoja, akitumaini bahari itawapatanisha.

Walikula ini la sili likiwa bichi. Lakini kiu ilizidi, na rasharasha za mawimbi zilikuwa zimeilowesha theluji yote, ikawa chumvi tupu. Paniluk, midomo imepasuka, akavunja kipande cha barafu ya kijivu na kuanza kukitafuna. Ulaayuk akakipiga teke.

"Hiyo imeganda majuzi! Chumvi bado imo ndani. Itakukausha utumbo."

"Wewe ndiye wa kunifundisha? Uliyemwacha ndugu yangu afe?"

Ngumi ikamwangukia jichoni. Ulaayuk alianguka, akainuka, akamvaa. Walibiringishana hadi karibu na maji, wakipumuliana usoni, mpaka Ulaayuk akamkalia kifuani na kuukandamiza mkono wake kwa goti.

"Nipige tena ukishakunywa maji," alisema, damu ikimtoka puani.

Alikuwa ameona nundu ya buluu katikati ya bamba, mgongo wake umelainika kwa umri. Barafu kuukuu hiyo, iliyopita kiangazi zaidi ya kimoja huku chumvi ikichuruzika chini tone kwa tone. Aliichonga kwa kisu, akaonja kwanza, kisha akamtia Paniluk kipande mdomoni. Kilikuwa kitamu kama maji ya ziwa. Paniluk alikinyonya macho ameyafumba.

Upepo ukageuka na baridi kali ikashuka. Bamba lilirudishwa hadi wakaiona barafu imara ya pwani. Lakini katikati palikuwa na uwanja wa barafu mpya, kijivu, yenye majimaji ya chumvi juu yake. Nyuma yao mabamba makubwa yalikuwa yakipandana na kusagana, na lao likaanza kumeguka.

Ulaayuk aliidunga barafu ile kwa chusa chake, mkuki wa kuwindia wenye kamba. Pigo la kwanza halikupenya, ishara kwamba ingewabeba.

"Inapinda!" Paniluk alifoka. "Tutazama kama Qattu!"

"Qattu alikanyaga barafu ya mto, shemeji! Ya maji matamu, ngumu kama kioo. Haikuonyi, inakatika tu. Nilimpigia kelele hadi sauti ikanikauka. Hii ya chumvi inapinda kwanza. Tanua miguu, teleza, usisimame. Na usikanyage nilipokanyaga, pita kando!"

Akashika mbele. Barafu ilibonyea chini yake kama ngozi mbichi, maji yakimkusanyikia miguuni. Nyuma, bamba lilipasuka kwa kishindo cha radi. Alikuwa ameshakanyaga barafu imara aliposikia ukelele: paja la Paniluk lilimsaliti, akasimama, barafu ikamfungukia.

Ulaayuk alilala kifudifudi, akarudi akitambaa, akamtupia kamba ya chusa.

"Izungushe mkononi!"

"Nenda! Utakufa bure!"

"Izungushe, mbwa wewe!"

Akaizungusha. Ulaayuk akachomeka kisu barafuni kama kigingi, akavuta hadi bega likalia. Barafu ilikatika mbele ya kifua cha Paniluk, ikakatika tena, kisha ikashika. Alitoka majini akitambaa, nguo zikimgandia, wakasogea kwa matumbo hadi penye usalama.

Ndipo waliposikia injini. Binamu yao Sivuraq na watu wa kijiji walikuwa wakifuata ukingo kuwatafuta. Waliwavua nguo, wakawafunika ngozi za kulungu wa kaskazini, wakawamiminia chai. Sivuraq alikiinua kidevu cha Ulaayuk, akalitazama jicho lililovimba.

"Barafu imekupiga vibaya, dada."

Ulaayuk aliivuta ngozi hadi kidevuni.

"Si barafu," alisema Paniluk, meno yakigongana. "Ni mimi. Ulaayuk alirudi kunichukua, na nilikuwa nimempiga." Akausukuma mbali mkono uliomletea kikombe. "Mpe yeye kwanza."