Jedwali la Nne

Mwili ulikuwa mdogo mno kwa lile shuka la hospitali. Msichana wa miaka sita. Jumatatu aliletwa wodini kwa degedege, na Jumatano saa nne asubuhi alikuwa chumba cha maiti.

Alhamisi mkemia wa polisi alitoa majibu bila kuzunguka. Dawa ya degedege kwenye damu ilikuwa mara tatu ya kiasi kinachotakiwa.

Sista aliyempa dawa alikuwa tayari mahabusu. Kesho yake asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kuua bila kukusudia. Kesi ilipewa Inspekta ambaye kituo kizima kilimwita Mama Maswali. Yeye alijua, nao walijua kwamba anajua, na maisha yaliendelea.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Kile cha kwenye karatasi ya ukutani, afande."

"Hukuzidisha?"

"Hata tone."

"Kamati ya hospitali inasema ulizidisha. Karatasi ile ni makala ya jarida la tiba. Imehakikiwa na wataalamu wawili. Kwa hiyo karatasi ni sahihi, mwenye kosa ni wewe."

Sista alijifuta macho kwa ukosi wa sare. "Sina cha kubishana na wataalamu, dada. Lakini mkono uliopima dawa ni wangu, na sikuzidisha."

Inspekta alimpelekea mkemia ile karatasi. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Mtoto wa uzito ule akipewa kiasi kile, mara tatu kwa siku, damu yake itasoma vilevile ilivyosoma. Kiasi kilichoandikwa kama dozi moja kilitakiwa kuwa cha siku nzima.

"Kwa hiyo muuaji ni karatasi," alisema Koplo, msaidizi wake. "Pingu tunaifunga wapi?"

"Karatasi haijiandiki, Koplo."

Daktari aliyeiandika alipatikana kwa simu, mji mwingine. Sauti yake ilikuwa na maringo ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Makala yangu imepita kwa wahakiki wawili, mama. Ningekuwa nimekosea wangesema. Waulize wao."

Kumbe ndivyo kazi inavyokwenda huko. Mwandishi anamwegemea mhakiki, mhariri anamwegemea mhakiki, hospitali inabandika ukutani. Ikabaki kujua mhakiki mwenyewe kamwegemea nani.

Ofisi ya jarida ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Mhariri, mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, aliwapokea kwa adabu.

"Maoni yao nitawapa. Majina siwezi. Uhakiki ni siri."

"Na wanalipwa?"

"Hata nauli. Tunawabembeleza tu."

Maoni ya mhakiki wa kwanza yalikuwa mistari mitatu. Alisema yeye si mtaalamu wa dawa za watoto. Vipimo aliomba mwenzake avikague.

Ya mhakiki wa pili yalijaa nusu ukurasa, sifa tupu. Utafiti wa kupigiwa mfano. Lugha safi. Jedwali la nne limepangwa kwa ustadi mkubwa. Ichapishwe.

Inspekta aliifungua makala. Akahesabu. Akampa Koplo naye ahesabu.

"Matatu," alisema Koplo. "Labda la nne limekwenda likizo."

Mhariri hakucheka. Aliivua miwani ya usoni, akasahau kuvaa ile nyingine.

"Alikaa na makala hii muda gani?" aliuliza Inspekta.

"Dakika kumi na moja." Mzee alisema hivyo akiitazama meza. "Ndiyo maana tunampenda. Wengine hukaa nayo miezi mitano. Na sisi... sisi hatukuhesabu pia, mama. Nakiri."

Inspekta alirudisha macho kwenye maoni ya mhakiki wa pili. Alikuwa akiurudia mstari wa mwisho wa yale maoni: *umakini unaoilinda heshima ya taaluma yetu adhimu.* Alitoa kwenye mkoba ripoti ya kamati ya hospitali, ile iliyomtia sista ndani. Ilimalizia hivi: *muuguzi amekosa umakini unaoilinda heshima ya taaluma yetu adhimu.*

Chini yake, sahihi ya mwenyekiti wa kamati. Profesa, bingwa wa watoto.

Profesa aliwakaribisha vizuri. Ukutani kwake vilining'inia vyeti vitano vya mhakiki bora wa mwaka.

"Profesa, jedwali la nne linaonyesha nini?"

"Jedwali lipi?"

"Ulilolisifu."

Inspekta aliweka maoni na ripoti mezani, moja kando ya nyingine. Profesa alisoma ya kwanza. Ya pili hakuhitaji kuisoma.

"Ninayo maoni niliyoyaandika zamani," alisema hatimaye. "Nabadilisha kichwa tu, natuma."

"Hukuisoma makala?"

"Sikuifungua."

"Uliifungua lini?"

"Jumatano, baada ya mtoto. Niliona kosa hapohapo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliona."

"Kisha?"

"Kisha nikaandika ripoti ya kamati."

"Kwa nini?"

Profesa aliviangalia vile vyeti vya ukutani.

"Niliona haya. Miaka thelathini nawafokea watoto wa watu kwa kusoma juujuu. Nimewahi kumtoa mmoja darasani akilia. Ningesimama vipi mbele yao niseme mimi sikusoma kabisa? Nikaona sista ni kijana, hana jina. Watu wangemsahau."

Alinyoosha mikono, viganja juu, akisubiri pingu.

"Kwa kutosoma, sheria haina kifungu," alisema Inspekta. "Nimetafuta. Kwa kuwaandikia polisi uongo juu ya mtu asiye na kosa, ninacho."

Profesa alitikisa kichwa kukubali, na kwa jinsi alivyotikisa, ungedhani angependa kile kifungu cha kwanza kiwepo.

Walifika kituoni saa kumi jioni. Inspekta alikuwa ameshapiga simu, na kaunta ilikuwa ikimrudishia sista saa yake, mkanda wa sare na kandambili. Alikuwa ameambiwa aende nyumbani, basi. Sababu hakuna aliyemweleza.

Aligeuka akamwona mkuu wake mlangoni, katikati ya polisi wawili. Uso ulimkunjuka. Akaweka kandambili chini ili asalimie kwa heshima.

"Shikamoo, Profesa. Jamani, mpaka umekuja mwenyewe kunitetea. Mungu akuweke."

Profesa alifungua mdomo. Marahaba ilikataa kutoka.

Koplo, ambaye hakosi neno, aliinama kwenye daftari la kaunta, akajifanya anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.