Pumzi ya Pili ya Kadhim

Kadhim alikuwa anavuta hewa ndani, lakini mashine ilionyesha kuna anayeitoa.

Rabab aligonga kioo cha mashine kwa ukucha. Alikuwa amewapima watu wengi wa Basra, wale ambao moshi wa visima vya mafuta umewala mapafu. Mtu hupuliza kwenye mrija, mashine ikasoma pumzi yake na kusema kama njia za hewa zimevimba. Akivuta, mshale hulala.

"Puliza tena, Baba Sukaina," alimwambia mumewe.

"Kumbe uliolewa ili upate wa kumpulizisha!" Kadhim akacheka.

Hakukohoa. Yeye aliyekuwa akikohoa mpaka majirani wanagonga ukuta, hakuwa amekohoa tena tangu aanguke kazini karibu na mwali wa gesi inayochomwa kisimani, wenzake wakamrudisha nyumbani.

Akapuliza. Pumzi safi, kama ya mtoto. Kisha akavuta, na mshale ukapanda. Rabab akainama, akatega sikio kwenye mrija. Mtu alikuwa anahema mle ndani polepole, na harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani.

Ijumaa, baada ya sala, Sayyid Nima, shehe wa mtaa, alikuja nyumbani kwa wito wa Rabab. Aliweka mkono kifuani pa Kadhim, akasoma aya za kutoa jini. Midomo ya Kadhim ikafunguka, na sauti isiyo yake ikaingia pamoja na hewa aliyokuwa akiivuta.

"Soma upendavyo. Huyu alikata roho pale kwenye mwali. Mimi ndiye ninayempumua. Nikitoka, mzikeni."

Sayyid alimgeukia Rabab. "Binti yangu," alinong'ona, "nimalizie?"

Kabla hajajibu, Kadhim alikohoa. Kikohozi chake kile kile, cha kukwaruza. "Rabab... mwache amalize. Nimechoka. Huku kuna moto, na yeye amekalia mlango."

Rabab alimtazama mumewe, akasikia Sukaina akiimba ukumbini na kumwita baba yake aje acheze, akawaza sanda, na kitanda kitupu, na namna mikono ile ilivyokuwa bado na joto ndani ya mikono yake, joto la mtu mzima kabisa, na machozi yakimshuka bila sauti akasema neno ambalo hata yeye hakujua lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Acha."

"Unajua unayemwacha humu?"

"Acha, Sayyid. Nakuomba."

Sayyid aliondoka bila kugusa chai.

Leo Kadhim ana afya. Anakwenda kazini, anasifu wali, anambeba Sukaina mabegani. Majirani wanampongeza Rabab kwa kumponya mumewe. Ni yeye tu anayejua kwamba Kadhim huongea akivuta hewa.

Mumewe akilala, Rabab huweka sikio kifuani pake, akingoja atoe hewa. Mwanzoni alisikia kikohozi, mbali sana, na jina lake likiitwa.

Siku hizi anasikia kikohozi tu.