Kanga Juu ya Mgunga

Mwaka 1965, Masouda na mumewe Thani walikuwa wageni Ruwi, karibu na Maskati. Walitoka Unguja na mtoto wao mdogo, Hind. Kila asubuhi Masouda alichukua nguo akateremka kisimani, ndani ya wadi, bonde la mto mkavu nyuma ya nyumba. Alifua, akaanika juu ya mawe. Hind alicheza mchangani. Mchanga laini, kama wa pwani ya kwao.

Siku moja jirani yao, Bi Hamdiya, alimwita kutoka ukingoni.

"Masouda, leo usikae humo. Huioni milima ilivyojifunga mawingu?"

"Milima iko mbali, Bi Hamdiya! Hapa jua linatuchoma."

"Haya, mjuzi wa jua. Mie nipo hapa nnakutazama."

Mara yakaja maji membamba, rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma vijiti. Hind akayakimbilia, akayapiga makofi. Masouda hakushtuka. Kwao maji hujaa polepole, mtu akawahi kukusanya vyake. Akainama kukunja shuka.

"Mchukue mtoto!" Bi Hamdiya alipiga ukelele.

"Nnakuja, nnamalizia hizi..."

"Wacha nguo! Mtoto, Masouda! Panda juu!"

Masouda akamnyakua Hind, akapanda ukingo kwa magoti. Bi Hamdiya akamvuta mkono. Nyuma yao pakanguruma. Maji yakapita kama ukuta, yamebeba mawe na magogo. Pale alipokuwa akicheza Hind hapakuonekana tena.

"Lakini mvua haikunyesha!" Masouda alilia.

"Imenyesha milimani, mwanangu. Maji ya huku hayajai, yanashuka. Milima ikiwa myeusi, usiteremke. Ukiona maji ya tope au ukisikia mngurumo, usiokote kitu. Panda ubavuni, usikimbie kufuata wadi. Na yakipungua usivuke upesi, huenda mengine yako nyuma."

Kesho yake waliiona kanga ya Masouda imenasa kwenye mgunga, juu kuliko kichwa cha mtu. Thani akataka kuupanda mti aitoe.

"Iache," Masouda alisema. "Kila mama mgeni aone maji yalifika wapi."

Sasa nguo anaanika darini, juu ya nyumba, na hashuki kisimani kabla ya kutazama milima. Kila Ijumaa humpelekea Bi Hamdiya mkate wa kumimina.

"Hata leo? Utaninenepesha wewe!"

"Kula, Bi Hamdiya. Aliyeukoroga ni Hind."