Boti ya Saa Sita

Koti lilimpiga usoni kabla hajamwona mwenye koti. Koti zito, jeusi, lenye manyoya shingoni, ndani ya foleni ya boti, saa mbili asubuhi, watu wanajipepea kwa tiketi zao!

"Samahani sana, dada. Nimekuumiza?"

"Hujaniumiza, umenipika," alijibu huku akitoa unyoya mdomoni. "Kaka, una homa au unahamisha duka?"

Yule mwanamume akacheka, na kicheko hicho ndicho kilicholeta balaa lote la siku hiyo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, ndevu zimechongwa vizuri, macho ya mtu aliyelala kidogo. Alisema yeye ni fundi wa lifti kwenye maghorofa ya mjini. "Kazi yangu kupandisha watu na kuwashusha. Wewe je?"

"Mimi nawaondoa kabisa."

Alikuwa mtangazaji wa bandari hiyohiyo, mwaka wa sita sasa. Kumwonyesha, akatoa sauti ya kazini: "Abiria wote mnaombwa kusogea getini!" Foleni nzima ikageuka, na mzee mmoja akabeba begi lake akaanza safari. Fundi alishika mbavu kwa kucheka. Kuanzia hapo akamwita Bi Spika.

Siku hiyo Bi Spika alikuwa likizo, amevaa gauni la buluu lenye madoa meupe, anakwenda kwa shangazi yake kisiwa cha mwisho. Fundi naye alikuwa anakwenda hukohuko. Boti ya moja kwa moja haikuwepo. Ilibidi washuke kisiwa cha katikati wabadilishe. Fundi alikuwa na tiketi ya boti ya kasi ya saa sita, Bi Spika ya boti ya saa nane. Njia nzima walikaa bega kwa bega wakila karanga.

"Na koti la nani?"

"La kaka yangu."

"Kaka yako anaishi ndani ya jokofu?"

Fundi alitabasamu kidogo tu, akageukia dirishani. Mwingine angeuliza zaidi. Bi Spika hakuuliza, alikuwa anatazama mikono ya Fundi.

Spika za kisiwa cha katikati, jamani, zilikuwa zinakoroma tu. Waliketi kwenye mgahawa wa bandarini, na Fundi akasema, "Mimi hapa sisikii neno. Wewe mwenye masikio ya kazi, wakiita boti yangu niambie."

"Usijali."

Wakaita. Bi Spika alisikia kila neno. Fundi alikuwa katikati ya kisa cha bibi harusi aliyekwama kwenye lifti, na kidole chake kilikuwa kimegusa cha Bi Spika juu ya meza. Kisa kiishe kwanza, akajiambia. Wakaita mara ya pili, safari hii wakimtafuta abiria wa kiti namba kumi na nne.

"Wanasemaje?" Fundi aliuliza.

"Kuna mtu kasahau miwani."

Uongo ulimtoka laini kabisa, hata yeye alishangaa. Ni kuchelewa saa mbili tu, alijitetea moyoni. Watapanda pamoja ya saa nane, kuna ubaya gani?

Saa sita na robo Fundi alitazama saa ya ukutani, akaruka, akakimbia. Aliporudi, koti likiburuta chini, uso ulikuwa umemshuka.

"Imeondoka. Hivi hawakuita?"

"Zimekoroma tu. Hata mimi sikuelewa."

Akaketi. "Kaka yangu anaondoka leo na meli ya saa kumi na mbili jioni. Amepata kazi nchi ya baridi, miaka minne." Alilikunja koti magotini. "Hatujasemezana miaka miwili, Bi Spika. Mama alipougua, kaka aliniita, nikasema nitakuja wiki ijayo. Mama hakuifikia hiyo wiki. Juzi kaka kanipigia mwenyewe, kasema, njoo uniage."

Bi Spika alitazama saa ya ukutani, akahesabu.

"Ya saa nane inafika saa kumi," alisema haraka. "Utamkuta. Nakwambia utamkuta."

Saa nane spika zikakoroma tena, na safari hii alimwambia ukweli, kwa sababu uongo haukuwa na faida tena: boti imeharibika, mpaka kesho. Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Alizunguka ofisi kwa ofisi akionyesha kitambulisho chake, akibembeleza, akipandisha sauti, huku Fundi akimfuata nyuma na kusema, "Pole, unajitaabisha kwa ajili yangu." Kila "pole" ilimchoma. Ilipatikana boti moja tu, ya starehe, inayowatembeza wageni kutazama machweo kisha inawashusha kisiwa cha mwisho. Ingefika saa kumi na mbili na nusu.

Nusu saa baada ya meli kung'oa nanga.

Boti ilipambwa kwa taa za rangi. Muziki ulipigwa mpaka viti vikatetemeka, wageni wenye kofia pana walinyonya maji ya matunda kwa mirija, na mpiga picha aliwajia wao kwanza. "Wapenzi, sogeeni! Bibie, mbona kama umefiwa? Cheka kidogo!"

"Tuache, kaka," Bi Spika alisema. Jua lilikuwa limeiva jekundu juu ya maji, zuri kupita kiasi, naye alilichukia.

Simu ya Fundi ilikuwa imezima, hivyo alishika ya Bi Spika. Mara akasimama juu ya kiti. "Kaka! Ni hiyo meli nyeupe? Tunapishana nayo! Uko wapi? Nyuma? Mimi huyu hapa, na koti!"

Akalipunga koti kwa mikono miwili. Kule mbali, mtu mdogo kama punje alipunga kitu cha njano. Fundi alicheka na kulia pamoja. "Nisamehe, kaka. Unasikia? Kaka?" Mtandao ukakatika, na meli ikapita.

Alishuka kitini, akamrudishia simu. "Asante. Bila wewe nisingemwona hata kwa mbali."

Hiyo asante ndiyo iliyommaliza.

"Waliita," Bi Spika alisema.

"Nani?"

"Boti yako. Mara mbili. Nilisikia vizuri. Nilitaka ubaki na mimi."

Fundi alimtazama kama hajaelewa. "Na yule wa miwani?"

"Hakukuwa na miwani."

Hakumtukana, afadhali angemtukana. Alichukua koti akaenda kukaa mwisho kabisa wa boti, akampa kisogo. Bi Spika alilia bila kujificha.

Simu ikalia. "Wewe ndiye shemeji?" sauti ya kaka iliuliza kwa furaha. "Nipe huyo mdogo wangu!"

"Mimi siyo shemeji. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Kwa makusudi." Akamweleza yote.

Kaka akasema tu: "Mpe simu."

Akampelekea, akasogea mbali. Alimwona Fundi akisikiliza, akitikisa kichwa, akibisha, akisikiliza tena. Boti ilikuwa inafunga gatini alipomjia.

"Kaka anasema alininunia miaka miwili, na mama hakurudi. Anasema nisiige ujinga wake." Akapumua. "Lakini mimi siyo yeye. Nikikutazama naiona ile boti ikiondoka."

"Najua."

"Nitakasirika leo, kesho na keshokutwa. Jumatano nitakupigia."

"Na usipopiga?"

"Basi nitakuwa nimekasirika kuliko nilivyodhani." Akamnyooshea tiketi ambayo haikutumika. "Niandikie namba yako."

Bi Spika aliandika polepole, tarakimu kubwakubwa. Fundi aliisoma, akainua macho.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," alisema, na aibu ikamjaa usoni kwa kuwa alistahili kuulizwa.

Fundi aliikunja tiketi, akaitia mfuko wa shati, akashuka.