Panya Hawakulewa

Wanasema paka akiondoka panya hutawala. Uongo mtupu. Kwetu maabarani panya walikaa macho makavu wiki sita, akalewa paka.

"Ulichanganya vibandiko!" Mkuu wa maabara alinitupia karatasi ya majibu. "Panya tuliowanywesha maji na tuliowanywesha pombe, ubongo wao sawasawa!"

"Sikuchanganya, Daktari."

"Binti, kileo hakipiti kwenye ubongo kikaacha mambo yalivyo. Jeni zilizolala huamshwa, zilizokuwa kazini hunyamazishwa. Hapa hakuna hata moja iliyopepesa! Kesho nataka barua yako ya kuacha kazi."

Miaka minne ya kusafisha mavi ya panya, iishie kwenye kibandiko? Nikaileta kutoka ghalani chupa ya spiriti kali, ile tunayoizimua kwa maji kabla ya kuwanywesha. Nikamimina kidogo kwenye kisahani cha chuma, nikasogeza kijiti cha kiberiti kinachowaka.

Chwii! Kikazima.

"Haya ni maji," mkuu akasema taratibu. "Ufunguo wa ghala anao nani?"

Anao mtunza ghala, mchumba wangu, bwana wa kutafuna pipi za mnanaa kutwa nzima eti ana kikohozi. Na mimi, mjuzi wa ubongo, nikawa namchemshia tangawizi!

Simu ikatetemeka. Ujumbe wake:

"Mpenzi, nasikia majibu yametoka. Kubali tu ulikosea vibandiko. Wewe msomi, hukosi kazi. Mimi nilionja kidogo nikajazia maji, sikujua panya wanaweza kutoa ushahidi."

Nikampigia, nikaweka spika.

"Malkia wangu!"

"Ulionja chupa ngapi?"

"Ah, tisa. Ndogondogo lakini."

"Na mimi nifukuzwe badala yako?"

"Mke wangu, si wewe uliyenifundisha pombe inageuza jeni? Basi si mimi, ni jeni zangu!"

"Jeni zako ndizo zilizofungua kufuli? Ndizo zilizojazia maji mpaka kwenye mstari wa kipimo, zikapangusa na matone kwa kidole?"

"Usiniaibishe bwana, harusi imebaki wiki tatu tu."

"Harusi na nani? Mkuu wako anakusikia."

Kisha sauti nyembamba kama ya kifaranga:

"Shikamoo, Daktari."

Daktari aliikata simu. Akaichukua karatasi ya majibu, akaikunja, akaniambia tuanze upya na panya wengine.

Jioni mama wa mchumba wangu akanibishia hodi nyumbani, kanga kiunoni, pumzi juu.

"Shikamoo, mama."

"Baki nayo! Umemfukuzisha mwanangu kazi kwa sababu ya panya?"

"Panya, mama, hawakuniambia wananipenda."

"Kila mwanamume ana udhaifu wake."

"Udhaifu ningemuuguza. Huyu alitaka kuniuza."

Akakaa bila kukaribishwa, akalegeza sauti.

"Sikiliza, mwanangu. Muombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya bosi wake, nami nitamshawishi akurudie."

"Anirudie? Mwanao atapike juu ya miaka yote hii ya kazi yangu, nami nimpanguse mdomo?"

"Neno moja tu, yaishe."

"Hata hilo moja hapati. Siombi radhi, mama. Si kwake, si kwako, si leo, si kesho."