Keria Tupu

Baiskeli ya Castory ilianza kuwa nzito kwenye mteremko. Kwenye mlima ingeeleweka, maana miguu yake ilikuwa ya karani, miguu ya chini ya meza. Lakini mteremkoni?

Alishuka akabinya matairi. Upepo ulikuwa tele. Akapanda tena huku akimlaani fundi, kwa kuwa kwa Castory kila baya lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye kamwe.

Asubuhi alikuwa amepanda treni Morogoro hadi Kimamba, baiskeli ikiwa kwenye behewa la mizigo, ili arudi nyumbani Kihonda akiendesha peke yake. Ofisini walimcheka kwamba hafiki hata Dumila. Akaapa ataingia kwake akiwa juu ya tandiko. Mwanamume mzima, kiapo chenyewe hicho.

Nje ya Kimamba, kwenye korongo lililopakana na shamba la mkonge lililotelekezwa, alimkuta Mikidadi, muuza mkaa, mtu wa makamo wa kuamkiwa. Castory hakumwamkia. Mikidadi alikuwa amekwisha kuuza mkaa wake na sasa anafunga jiwe kwenye keria ya baiskeli yake.

"Kijana, saa hizi za jua la utosi hapa hatupiti na keria tupu," alisema. "Ukiacha nafasi, mwenye korongo anapanda." Akamfungia na yeye jiwe lake, bila kuombwa.

"Ndiyo maana hamwendelei," Castory alijibu. Alilifungua jiwe mbele ya macho ya Mikidadi, akalitupa korongoni. Lilianguka kwenye mawe wala halikutoa mlio.

Uzito ulianzia hapo. Baada ya Rudewa ikaja harufu ya tope bichi iliyochanganyika na udi, na mvua haijanyesha mwezi wa pili huo. Kisha, karibu kabisa na kisogo chake, mtu akasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa taratibu, wa mtu aliyekutazama akakuona si kitu, na Castory, aliyezoea kuwasonya wenzake tangu mapokezi hadi stoo, akaona jasho limegeuka baridi mgongoni.

Walipopita Dumila jua lilikuwa nyuma, kivuli kimemtangulia barabarani, na kivuli hicho kilikuwa na vichwa viwili, na alipoinama cha pili hakikuinama, na kila alipokanyaga pedali springi za tandiko zilinyamaza lakini keria ililia, kwii, kwii, kama mtu anajiweka sawa kwa safari ndefu.

Dakawa, mama mmoja aliyekuwa akianika mpunga kando ya lami alimwona akapunga mikono asimame. Jina lake Josephina.

"Baba, umembeba nani?" alinong'ona.

"Sijui, mama," Castory alisema. "Nifanyeje?"

"Iegeshe hapo, uende zako bila kugeuka. Kapanda baiskeli huyo, hajakupanda wewe. Bado una bahati. Nyumbani kuna mtoto?"

Alikuwapo. Devotha, miaka sita, ambaye kila jioni husikia kengele ya baba akatoka mbio, akaruka kwenye keria azungushwe uani. Castory alimfikiria mwanawe, moyo ukamwuma kwelikweli. Halafu akafikiria Jumatatu, akishuka kwenye basi la watu bila baiskeli, na vicheko vya ofisini.

"Nitamzuia asipande," alisema.

Josephina alikusanya mpunga wake haraka, ukiwa bado mbichi, akamgeuzia mgongo.

Jua likikaribia kuzama, milima ya Uluguru ilikuwa mbele yake, buluu, na Kihonda hii hapa. Hakupiga kengele. Alishika breki mapema, akakata kona ya uani kimyakimya, juu ya tandiko, kama alivyoapa. Kengele ikalia yenyewe.

"Devotha, usipande!"

Mtoto alikwisha kuruka. Na papo hapo baiskeli ikawa nyepesi, nyepesi kama ilivyokuwa asubuhi stesheni.

Castory aligeuka. Devotha alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, akimtazama baba yake kuanzia viatuni hadi utosini. Akasonya.

"Dakawa ungeweza kuniacha," alisema kwa sauti ya mtu mzima. "Lakini ungechekwa."