Kilichofunikwa kwa Ngozi

Jamani, sogeeni mnisikilize, na mwenye gari asikilize mara mbili. Habari hii haina mwizi wa usiku wala mlevi wa kilabuni. Ni habari ya watu wema, wanaosalimia majirani na kuwahi kazini, na ndiyo maana inaniuma kuisimulia.

Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Fundi alikuwa kwa dada yake, amenyoosha miguu kwenye zulia la sebuleni, kashiba. Watoto walikuwa wanagombania rimoti, na dada alikuwa anamtania mdogo wake kwamba siku hizi tumbo lake linatangulia kupiga hodi. Kazi ya Fundi ilikuwa kushona viti vya magari. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kushika sindano kwa kumpa nguo za nyumbani zilizochanika azizibe. Kila tonge alilokula Fundi kwa ujuzi wake lilitoka kwa mwanamke yule, naye alilijua hilo vizuri.

Basi shemeji, mume wa dada, akatoka chumbani na simu mkononi. Alikuwa amepandishwa cheo, sasa ni mkuu wa kitengo cha manunuzi ofisini kwao. Huyu ni mtu ambaye kazini hanunui hata kalamu bila karatasi tatu za bei na sahihi ya mkaguzi. Akamwonyesha mkewe picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gari dogo jipya kutoka kwa wakala, viti vya kitambaa, lina dhamana. Ya pili ilikuwa ya gari la saluni la kifahari, si kubwa sana wala si dogo, limekwisha kutumika, viti vya ngozi ya kahawia na mbao zinazong'aa milangoni. Bei zao zilikaribiana.

"Hili dogo," dada alisema bila kufikiri. "Jipya, na likisumbua tunajua mlango wa kubisha."

"Mama watoto, hilo ni la kubebea vitunguu. Mkuu wa kitengo akishuka humo mlinzi hata hasimami."

"Mlinzi anafungua geti. Hakuajiriwa kukupigia saluti."

Watoto wakacheka. Baba yao hakucheka, na hapo ndipo utulivu wa siku ile ulipoingia doa. Alimwita Fundi nje, kwenye kibaraza, akashusha sauti.

"Shemeji, mimi nimeshaamua. Nachukua la kifahari. Kazini nitasema nimeagiza jipya."

"Na watakuamini?"

"Gari halijachoka, nani atajua? Tatizo nikienda na makanika wa mtaani, kesho mtaa mzima utasema nimenunua mtumba. Wewe ni mtu wa ndani. Twende tukalitazame wote."

"Mimi ni wa viti, shemeji. Injini siijui."

"Injini nimeisikia, inawaka vizuri. Halafu tukishalichukua, utanivalishia nailoni kwenye viti, zile kama za kiwandani."

Msicheke, ndugu zangu. Wangapi kati yetu wameacha karatasi ya dukani kwenye friji ili mgeni aione? Ugonjwa ni uleule, tunapishana dozi tu.

Yadi ya magari ilikuwa upande wa pili wa mji, imezungushiwa bendera za plastiki. Mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, aliwapokea getini, na alipomwona Fundi akasita kidogo, kisha akacheka. Walifahamiana. Zaidi ya nusu ya kazi za Fundi zilitoka kwa mtu huyu. Fundi akamtambulisha shemeji yake.

"Kumbe bosi huyu ni shemeji yako? Basi amefika nyumbani."

Shemeji alizunguka gari kama bwana harusi. Fundi aliingia upande wa abiria, akakaa, akapitisha kiganja juu ya dashibodi kama anavyofanya kila mtu wa kazi yake. Vidole vikakutana na mshono. Akainama kuutazama.

Mshono ule ulikuwa wake.

Nawaeleza ili msije mkapotea. Magari ya namna hii yana mifuko ya hewa iliyofichwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi. Gari likigonga kwa nguvu, mfuko hufumuka, hupasua kifuniko, na kuukinga uso wa mtu. Mfuko ukishafumuka umekwisha kazi, na mpya ni ghali. Kwa hiyo wako wafanyabiashara wanaochukua gari lililogonga, wakalinyoosha bati, wakalipaka rangi, kisha wakampelekea fundi dashibodi iliyopasuka aivishe ngozi upya. Ndani hamna mfuko. Mna sponji na ubao. Fundi wa umeme naye huinyamazisha ile taa ya onyo, na gari linarudi sokoni likiwa na sura ya bikira.

Fundi alikuwa ameshona dashibodi nyingi za Tajiri. Zilikuwa zinaletwa zenyewe tu, zimefungwa kwenye gunia, bila gari. Naye Fundi alikuwa na maneno yake ya kujiliwaza: mimi nashona ngozi, siuzi magari. Ila hii aliikumbuka. Ngozi ya kahawia ya namna ile haikupatikana madukani, ikabidi aichanganyie rangi mwenyewe, na alipomaliza aliifurahia kazi yake hata akaipiga picha.

Sasa alikuwa ameketi mbele yake, kwenye kiti ambacho dada yake angekalia.

Tajiri alikuwa ameegemea dirishani. Aliona vidole vilipokuwa vimesimama, akamtazama Fundi machoni, akasema kwa upole kabisa, "Fundi, mwambie shemeji yako. Ngozi hiyo ikoje?"

Fundi alifikiria kibanda chake cha kazi, majora ya vitambaa vya viti yaliyosubiri, cherehani ambayo bado alikuwa anadaiwa. Alifikiria pia kwamba akisema, shemeji atauliza amejuaje, na jibu litamchafua mbele ya dada. Akajiambia kwamba magari mengi ya namna hii yanatembea na hayajaua mtu.

"Ngozi ni nzuri," alisema.

Wala hakusema uongo. Ngozi ilikuwa nzuri kweli.

Shemeji aliridhika. Si ndiye aliyekwepa makanika ili siri isitoke? Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na pale walikuwa wawili, kila mmoja anaficha wake, mmoja amemkabidhi mwenzake macho yake bila kujua. Wakapeana mikono na Tajiri. Kabla ya wiki kwisha Fundi alivisha nailoni zile, akazikaza vizuri pembeni, na gari likang'aa kama limetoka melini asubuhi hiyo.

Dada alilipokea gari kwa kunung'unika kidogo, kisha akalizoea, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuzoea. Fundi ndiye hakupata raha. Siku moja alimpigia simu.

"Dada, kwenye gari lile uwe unakaa nyuma."

"Nyuma? Kwa nini?"

"Wake za mabosi hukaa nyuma."

Dada alicheka sana. "Nikae nyuma, mume wangu awe dereva wangu? Acha maneno yako, mdogo wangu. Tena uje, nimekupikia."

Alikwenda, akala, akaondoka bila kusema. Ndugu zangu, hapa ndipo ninapomkasirikia Fundi kuliko pale yadini. Yadini alishtukizwa. Hapa alikuwa na meza, alikuwa na muda, na mbele yake alikuwapo mtu aliyemtoa mavumbini, anamwongezea mchuzi.

Miezi ilipita. Mlinzi wa ofisini alisimama, tena alipiga saluti, na shemeji aliitika kwa kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Halafu ikaja siku ya mvua. Mume na mke walikuwa wanarudi kutoka kumtazama mgonjwa. Mbele yao lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara bila alama yoyote. Shemeji alikanyaga breki, gari likateleza, likaingia chini ya kona ya lori kwa upande wa kushoto, upande wa mkewe. Usukani ulimvunja shemeji mbavu. Dada alikuwa amefunga mkanda, lakini kichwa chake kilikwenda mbele, kikakutana na ile ngozi nzuri, na nyuma ya ngozi kulikuwa na ubao.

Alifariki hospitalini bila kufungua macho. Fundi alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, amemshika mkono, na hata pale hakusema, maana wa kumwambia hakuwa anasikia tena.

Baada ya mazishi shemeji aliitwa kituo cha polisi, ambako mabaki ya gari yalihifadhiwa. Alimwomba Fundi amsindikize, kwa sababu mbavu zilikuwa bado zinamsumbua na kwa sababu, kama alivyosema, "sina ndugu mwingine wa karibu kama wewe." Mkaguzi wa magari wa polisi, mzee mwenye miwani ya kamba, aliwapeleka hadi mlangoni mwa gari. Akashika ngozi ya dashibodi mahali ilipochanika, akaifunua.

"Tazameni. Hapa palitakiwa pawe na mfuko wa hewa. Hakuna. Gari hili liligonga zamani, likafichwa."

Shemeji aliinama kuutazama ule ubao. "Ungekuwapo, mke wangu angepona?"

"Siwezi kuapa. Ila nimeona waliotoka kwenye ajali mbaya kuliko hii wakiwa na michubuko tu." Mkaguzi alipitisha kidole juu ya mshono. "Aliyeshona hapa anajua kazi. Huyu si wa kubahatisha."

Shemeji akageuka. Macho yake yalikuwa yamekauka kabisa. "Wewe ni wa kazi hii. Watazame mafundi wote wa mji huu, niambie mkono huu ni wa nani. Nitamtafuta hadi nimpate."

Fundi alitazama chini. Maneno yalimjia kidogokidogo, na kwa mara ya kwanza hakuyazuia.

"Ni wangu, shemeji."

"Nini chako?"

"Mkono. Nilishona mimi. Na siku ile yadini niliutambua."

Shemeji hakumpiga wala hakumtukana. Alishika ubavu wake, akakaa juu ya tairi lililokuwa limetupwa pale, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo na kuupata mwingine. Akasema, "Nilikuchukua wewe ili watu wasijue. Makanika yeyote angeniambia." Kisha akasema, "Kwa watoto utakwenda kusema mwenyewe. Mimi siwezi."

Fundi alikwenda. Watoto walikuwa mezani. Wadogo hawakuelewa vizuri. Binti mkubwa alielewa neno kwa neno.

"Mjomba, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukosa kazi."

Binti alifikiri, akauliza bila kupandisha sauti, "Hukukosa?"

"Sikukosa."

Binti akawashika wadogo zake mikono, akawapeleka chumbani, akafunga mlango.

Fundi alijipeleka polisi mwenyewe akaandikisha maelezo. Alihukumiwa, akafungwa, akatumikia. Tajiri alikuwa na mawakili. Alifunga yadi ile, akafungua nyingine kwa jina la mkewe, na bendera za plastiki ni zilezile. Shemeji aliacha cheo, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Mlinzi alifungua geti na kutazama pembeni.

Alipotoka gerezani, amekonda, nywele zimeingia mvi, Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya dada yake. Alibisha hodi. Binti mkubwa, sasa mwanamke mzima, anafanana na mama yake hata kwa namna ya kushika kitasa, alifungua mlango nusu. Alimwamkia kwa adabu, kama alivyolelewa. Hakumfukuza. Hakumkaribisha.

"Baba hayupo, Fundi," alisema.

Akasimama kumsubiri aondoke.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mkinunua gari, jipya au lililotumika, la kifahari au la kubebea vitunguu, msilinunulie macho ya mlinzi. Mpeni mtu anayejua alifungue na kulichungulia, tena mtu asiyewaogopa wala kumwogopa muuzaji, na mtaa ukisema ni mtumba, uacheni useme. Mtumba uliokaguliwa unakurudisha nyumbani. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia huwa amekubali mwenyewe gunia lisifunguliwe.

Nanyi mafundi, na hapa nasema na wa kila kazi: hakuna anayeshona ngozi tu. Kila unachokifunika, yuko mtu atakayekitegemea siku moja, na hujui kama atakuwa mgeni au aliyekulea. Ukijua, sema. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, sema ukose kazi. Ukweli uliosemwa baada ya mazishi unamfaa mkaguzi wa polisi peke yake, na majuto, kama mjuavyo, ni mjukuu. Fundi kazi amepata tena, anashona makochi. Mpwa wake ana watoto sasa, na watoto hao hawajui kwamba mama yao ana mjomba.